Utafiti wa kupunguza methani ya ng'ombe: ni upi unamfaa mfugaji mwenye ng'ombe watatu?

MamaKibosho

Wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na pia ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaokusanya maziwa pamoja kabla ya kuyapeleka sokoni. Tunafuga ndani, kwa kuwa kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, hakina nafasi ya kuchungia. Chakula kikuu ni majani ya tembo, migomba iliyokatwakatwa, na nyasi ambazo wakati wa kiangazi tunazinunua tambarare na kuzipandisha mlimani kwa gari, au kichwani kwa asiye na nauli.

Katika mkutano wetu wa mwisho alikuja mgeni aliyetueleza kwamba ng'ombe ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya gesi joto zinazobadilisha tabianchi, na kwamba siku zijazo wanunuzi wa maziwa watataka kujua kila lita imezalishwa kwa kutoa gesi kiasi gani. Alitaja unga unaochanganywa na chakula ili kupunguza gesi hiyo tumboni mwa ng'ombe, na akataja pia mwani. Alipoondoka yakazuka mabishano. Wapo waliosema kwamba hizo ni hoja za nchi zenye mashamba ya ng'ombe maelfu na zisituhusu, wapo walioingiwa na hofu kwamba tutakuja kutozwa kodi, na mpwa wangu anayeuza mwani huko Pangani, ambaye alisikia habari hizi kwangu, tayari anataka kuniletea magunia ya mwani mkavu nianze kuwalisha.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Je, hesabu hii ya gesi ina uzito wowote kwa mfugaji mwenye ng'ombe watatu? Katika utafiti unaofanywa duniani, ni upi uliofanyika huku kwetu, kwa ng'ombe wa aina yetu na majani yetu? Na huo mwani, niupokee, au nimwambie mpwa wangu aendelee kuwauzia wanunuzi wake wa kawaida? Nitashukuru nikipata majibu ninayoweza kuyasoma mbele ya kikundi.

DaktariMifugo_Moro

Shikamoo, Mama Kibosho. Mimi ni daktari wa mifugo, na shughuli yangu kubwa ni lishe ya wanyama wanaocheua. Nitaanza na gesi yenyewe, kwa sababu mabishano mengi hutokana na kutojua inakotoka.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana tumbo lenye vyumba vinne. Katika chumba kikubwa kabisa, rumeni, vijidudu visivyoonekana kwa macho huchachusha nyasi na kuzigeuza kuwa asidi ambazo mnyama huzitumia kupata nguvu. Uchachushaji huo huacha haidrojeni, na kundi mojawapo la vijidudu huichanganya na hewa ukaa na kutengeneza methani. Zaidi ya asilimia 90 ya methani ya tumboni hutoka kwa mdomo na pua, ng'ombe anapobeua na kupumua, wala si kwa nyuma kama watu wanavyotania. Gesi hii hudumu angani kwa takriban miaka 12 tu, lakini ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja yake hupasha dunia joto takriban mara 27 ya kilo moja ya hewa ukaa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2013 kwamba ufugaji, tangu kulima chakula cha mifugo hadi kusafirisha mazao, huchangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu. Makadirio yake ya mwaka 2023, kwa mbinu zilizoboreshwa, ni takriban asilimia 12. Kwa hiyo mgeni wenu hakuwadanganya.

Ila lipo jambo ambalo, kwa maelezo yako, hakulifafanua, nalo ndilo linalokugusa wewe. Methani ni nguvu iliyopotea. Kutegemea chakula alichokula, ng'ombe hupoteza kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu ya chakula chote kwa njia ya gesi hii, na anayekula mabua makavu na nyasi zilizokomaa hupoteza sehemu kubwa zaidi kuliko anayekula majani machanga yenye protini. Ripoti ya FAO ya mwaka 2010 kuhusu sekta ya maziwa ilionyesha kwamba kilo moja ya maziwa ilihusishwa na gesi joto zinazolingana na kilo 2.4 za hewa ukaa kwa wastani wa dunia, ilhali katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara wastani ulikuwa kilo 7.5. Msomaji wa haraka ataona kwamba ng'ombe wetu ni wachafuzi kuliko wa Ulaya, ilhali ng'ombe mmoja wa kwetu hutoa gesi kidogo kuliko ng'ombe mmoja mkubwa wa kule. Tofauti inatokana na maziwa. Ng'ombe anayechelewa kuzaa mara ya kwanza hadi miaka minne, anayekaa mwaka mzima bila kushika mimba, na anayeshuka hadi lita mbili wakati wa kiangazi, anaendelea kula na kubeua siku zote hizo.

Nitatoa mfano wa hesabu, na tafadhali kikundi kielewe kwamba ni mfano tu. Chukulia ng'ombe anayetoa kilo 70 za methani kwa mwaka na lita 1,500 za maziwa. Methani hiyo inalingana na kilo 1,890 za hewa ukaa, yaani kilo 1.26 kwa lita. Akilishwa vizuri hadi akafikia lita 3,000, methani itapanda kwa sababu anakula zaidi, tuseme hadi kilo 85, lakini kwa kila lita itakuwa takriban kilo 0.77. Gesi kwa lita imepungua kwa zaidi ya theluthi moja, bila unga wala mwani, na mwenye ng'ombe amepata maziwa maradufu.

Kuhusu utafiti wa hapa kwetu, upo. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao makuu Nairobi, ina kituo kiitwacho Mazingira ambako ng'ombe huingizwa katika vyumba vilivyofungwa na hewa inayoingia na kutoka ikapimwa mfululizo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020, maksai wa aina ya Boran walipewa chakula pungufu ya kile kinachohitajika kuutunza mwili tu, hali inayowapata ng'ombe wetu wengi mwezi wa Septemba na Oktoba. Walipopewa asilimia 40 tu ya mahitaji hayo, methani waliyotoa kwa kila kilo ya chakula ilipanda. Huko Nyando, magharibi mwa Kenya, watafiti walikwenda kwa wakulima wadogo msimu kwa msimu, wakapima uzito wa ng'ombe, maziwa na malisho, ili nchi zetu zipate viwango vyake badala ya kuazima vile vya jumla vinavyotumika duniani. Ukiniuliza ni utafiti upi unaowafaa, nitakujibu ni huu wa njaa ya kiangazi, ingawa haupendezi magazetini kama habari za unga.

Unga alioutaja mgeni wenu bila shaka ni ule uitwao 3-NOP. Umoja wa Ulaya uliuidhinisha mwaka 2022 na Marekani mwaka 2024, na kwa ng'ombe wa maziwa hupunguza methani kwa takriban asilimia 30. Hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya ambacho vijidudu hukitumia katika hatua ya mwisho ya kutengeneza methani, kisha huvunjika tumboni baada ya saa chache. Kwa hiyo sharti ng'ombe aule kidogo kidogo pamoja na kila tonge la siku nzima. Majaribio hayajaonyesha ongezeko la maziwa la kutegemewa, maana yake ni kwamba mfugaji anagharamia kitu ambacho faida yake inakwenda kwa dunia yote. Hapo ni lazima atokee mtu mwingine wa kulipa.

Na mwani. Ule uliotikisa dunia ni mwani mwekundu wa jenasi Asparagopsis, wenye kemikali ya bromofomu, ambayo ndiyo inayozuia methani. Katika jaribio lililofanywa Chuo Kikuu cha California, Davis, na kundi la Profesa Ermias Kebreab, mzaliwa wa Eritrea, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021, maksai wa nyama waliolishwa mwani huo kwa wiki 21 walipunguza methani kwa zaidi ya asilimia 80 katika baadhi ya vipimo. Lakini mwani unaolimwa Zanzibar na pwani ya Tanga, ule ambao wakulima huuita spinosamu na kotonii, ni wa jamii nyingine kabisa. Hulimwa kwa ajili ya karajinani inayotumika viwandani kugandisha vyakula, wala hauna bromofomu ya kiasi hicho. Ukiwalisha ng'ombe magunia hayo utawapa chumvi na iodini nyingi, na methani itabaki palepale. Hata huo wa Asparagopsis bado unachunguzwa kama iodini na bromofomu zinaweza kuingia kwenye maziwa. Mpwa wako aendelee na wanunuzi wake.

Msambaa_Jutland

Naongeza kidogo kwa aliyoyasema Daktari kuhusu unga. Ninafanya kazi katika shamba la ng'ombe wa maziwa huku Jutland, Denmark. Kila asubuhi tunapakia saileji (majani yaliyochachushwa bila hewa ili yasioze), nafaka, mashudu na madini katika mashine ya kuchanganyia yenye mizani, skrini inatuonyesha kilo za kila kitu, na unga ukitakiwa unaingia humo kwa gramu. Ng'ombe wako bandani, wanakula mchanganyiko huo mmoja usiku na mchana. Mwaka 2025 mashamba ya kawaida yenye ng'ombe zaidi ya 50 yalianza kutakiwa kisheria kutumia unga huo kwa sehemu ya mwaka au kuongeza mafuta kwenye chakula, na kodi ya gesi ya mifugo imepangwa kuanza mwaka 2030 kwa kroni 300 kwa tani ya gesi ikilinganishwa na hewa ukaa, ifike 750 mwaka 2035, kukiwa na punguzo la asilimia 60 kwa kila mfugaji.

Kwetu Lushoto, mama yangu humtupia ng'ombe wake mzigo wa majani asubuhi na mwingine jioni. Sioni ni wapi unga huo ungeingia.

Mkulima_Muranga

Mama Kibosho, salamu kutoka upande huu wa mpaka, Kenya. Daktari amekwisha kueleza kwa nini chakula cha kiangazi ndicho kiini cha jambo, nami nitaeleza tunavyokipata, maana hali ya Murang'a inafanana sana na ya kwenu: mashamba madogo yenye miinuko, ng'ombe wachache walio bandani, na majani yanayofurika mwezi wa Mei kisha yakaadimika Septemba.

Nasi pia tunategemea majani ya tembo, ambayo huku huitwa nepia. Kosa kubwa ni kuyaacha mpaka yawe marefu kama miwa ndipo yakatwe, kwa sababu yakipita mita moja hivi shina linakuwa gumu na protini inashuka. Yale ya ziada wakati wa mvua tunayatia kwenye saileji. Hahitaji shimo la saruji mwenye ng'ombe wawili. Mfuko wa nailoni nzito unatosha. Majani hukatwakatwa vipande vya sentimita mbili hadi tatu, hunyunyiziwa molasi iliyochanganywa na maji, kisha hushindiliwa tabaka kwa tabaka mpaka hewa yote itoke. Kabla ya kushindilia, chukua konzi ya majani hayo uifinye kwa nguvu: maji yakichuruzika kati ya vidole, bado ni mabichi mno na yataoza, yaachie jua la nusu siku; konzi ikifumuka polepole na kiganja kikabaki na unyevu tu, endelea. Baada ya mwezi mmoja ukifungua utakuta rangi ya kijani iliyofifia kuelekea kahawia na harufu ya uchachu mtamu. Palipoingia panya huwa peusi na pana ukungu, na hapo hakuna la kuokoa, tupa.

Protini ndiyo ghali. Katika miaka ya 1990 watafiti wa kilimo mseto walifanya kazi na wakulima wa Embu juu ya mti wa kaliandra, wakaonyesha kwamba kilo tatu za majani mabichi yake zinaweza kuchukua nafasi ya kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Makadirio yao yalikuwa miti 500 kwa ng'ombe mmoja, idadi inayotisha mpaka utambue kwamba inapandwa kwenye mipaka na kingo za matuta bila kula nafasi ya mazao. Nyasi za brakiaria nazo zifikirieni, hasa kama majani yenu ya tembo yameanza kudumaa au kupata fangasi wa masizi. Ni nyasi za asili ya Afrika zilizopelekwa Amerika ya Kusini, zikaboreshwa Colombia na Brazili, ndipo zikarudishwa kwetu. Aina mojawapo, Brachiaria humidicola, hutoa mizizini kemikali inayozuia vijidudu vya udongo visigeuze naitrojeni haraka, na kwa hiyo hupunguza naitrasi oksaidi, gesi kali kuliko methani. Jambo hilo lilichapishwa mwaka 2009. Lakini kwa mkulima mdogo sifa yake ya kwanza ni kwamba ina majani mengi kuliko mashina.

Nimalizie na samadi, ambayo mgeni wenu huenda hakuigusa. Rundo lililo wazi kwenye mvua hupoteza naitrojeni kwa kuchuruzika na kwa hewa, na lile lililolowa muda wote bila hewa hutoa methani. Paa la mabati makuukuu, sakafu yenye mwinuko mdogo na mfereji wa kupokea mkojo ni ujenzi wa siku chache. Mtambo wa bayogesi ni bora zaidi, nanyi mna bahati ya kuwa karibu na CAMARTEC, kituo cha serikali cha teknolojia za kilimo pale Arusha, waliobuni na kufundisha ujenzi wa mitambo ya kuba kwa miaka mingi. Ila mtambo unaovuja ni hasara kwa hali ya hewa, kwa sababu unatengeneza methani kwa makusudi kisha unaiachia. Chovya brashi kwenye povu la sabuni, paka kwenye valvu na kila kiungo cha bomba. Povu likivimba, hapo pana tundu. Tope linalotoka kwenye mtambo lipelekwe kwenye majani ya tembo jioni, lifunikwe na udongo.

Loshoro

Nimesoma kwa makini, na ninawaheshimu waliojibu, lakini naomba kutofautiana na kipimo chenyewe. Mimi ni mfugaji wa Simanjiro. Kila utafiti ukihesabu gesi kwa lita ya maziwa, sisi tunakuwa wa mwisho, kwa sababu ng'ombe wetu hatumfugi kwa maziwa peke yake. Huyo ndiye akiba ya benki, ndiye mahari, ndiye ada ya shule, na ukame unapokuja, yule mwembamba anayetembea kilomita nyingi kufuata maji ndiye anayebaki hai, si yule wa lita ishirini. Nani anayaingiza hayo kwenye hesabu? Nyanda hizi zilikuwa na nyumbu, nyati na swala kabla ya hesabu za gesi kuanza, nao wanacheua. Ukimwondoa ng'ombe, mahali pake hapabaki patupu.

Halafu, mnazungumzia utafiti kama kwamba ulianza na vyumba vya kupimia. Wamasai tuna alalili, eneo linalofungwa wakati wa mvua ili majani yabaki kwa ajili ya ndama na ng'ombe dhaifu wakati wa kiangazi. Wasukuma wana ngitili, hifadhi za malisho za namna hiyohiyo. Kule Shinyanga miti ilifyekwa enzi za ukoloni kwa ajili ya kupambana na mbung'o, baadaye watu wakahamishiwa vijijini na ngitili nyingi zikafa, nchi ikabaki wazi. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986 haukuleta mbegu za ajabu. Uliwarudishia watu utaratibu wao wenyewe, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimerudi kwenye zaidi ya hekta 300,000. Miti ikaota yenyewe, kuni zikapatikana, majani ya kiangazi yakarudi. Hilo nalo ni kupunguza gesi, tena bila kumfungia ng'ombe chumbani.

Nasema hivi pia kwa sababu siku hizi wanatufikia mawakala wa biashara ya hewa ukaa wakiwa na mikataba ya miaka mingi, wakisema tubadilishe ratiba ya kuchunga ili udongo uhifadhi kaboni. Huenda wapo wakweli. Ila kijiji kinachoambiwa kisaini kabla hakijaambiwa nani atapima, lini, na nini kitatokea ukame ukituhamisha, kisubiri.

DaktariMifugo_Moro

Ndugu Loshoro, juu ya kipimo nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, na niongeze udhaifu mwingine ambao watu wa maziwa hatupendi kuutaja. Gesi kwa lita ikipungua nusu, lakini idadi ya lita ikaongezeka mara mbili, hewa haikupata nafuu yoyote. Faida huonekana pale tu ambapo ng'ombe wachache wanaolishwa vizuri wanachukua nafasi ya wengi wenye njaa, na hilo ni uamuzi wa mwenye ng'ombe na hali yake ya uchumi, halitokani na chakula pekee. Kwa mfugaji wa Kilimanjaro asiye na nafasi ya ng'ombe wa nne, hesabu ya lita inafaa. Kwa Simanjiro inaeleza kidogo sana.

Utafiti wa hapa umewahi kuwatetea wafugaji wa nyanda kavu kuliko unavyodhani. Miongozo ya kimataifa ya kukokotoa gesi joto ya mwaka 2006 ilichukulia kwamba asilimia 2 ya naitrojeni ya kinyesi na mkojo unaoanguka malishoni hugeuka naitrasi oksaidi. Vipimo vilivyofanywa Kenya kwa kinyesi cha ng'ombe wanaokula nyasi duni vilikuwa chini sana ya hapo, na marekebisho ya mwaka 2019 yaliteremsha kiwango hicho. Maana yake, kwa miaka kadhaa nchi zetu zilijiandikia gesi ambazo hazikuwapo.

Lakini upande mwingine usiupuuze. Katika shamba la utafiti la Kapiti, kaunti ya Machakos, wanasayansi walipima maboma, yaani mahali ng'ombe wanapolala usiku na kinyesi kikarundikana, wakakuta naitrasi oksaidi nyingi ambayo hakuna aliyekuwa akiihesabu. Hata maboma yaliyohamwa zaidi ya miaka 40 nyuma bado yalikuwa yakitoa gesi kuliko ardhi ya jirani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020. Miaka miwili kabla, watafiti wengine walikuwa wamechunguza maboma ya kale huko Narok, yenye umri wa kati ya takriban miaka 1,500 na 3,700, wakakuta udongo wake bado una rutuba na majani mazuri yanayovuta hata wanyamapori. Kwa hiyo boma moja lina sura mbili, na mimi nisingemshauri mtu yeyote ahame bomani kwa ajili ya gesi. Ningemshauri auze au abadilishane samadi ile na wakulima wa mahindi walio karibu, kabla haijafikia kina cha magoti.

Kama kuna hatua moja ya nyanda kavu ambayo ningeipigania, ni chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Ndama anayekufa akiwa na miezi sita amekwisha kula, kubeua na kumfanya mama yake abebe mimba ya bure. Chanjo iliyobuniwa Muguga, Kenya, ambayo ndama hudungwa vimelea hai pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini kwa muda mrefu, imetumiwa na wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania kwa miaka mingi, na kinga yake hudumu. Ni ghali kidogo na inahitaji kuhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali, jambo linaloifanya isifike vijijini kirahisi. Hiyo ni kazi ya serikali na watafiti kuliko yako.

Loshoro

Chanjo hiyo tunaijua na tunaitumia, masikio ya ndama wetu yana hereni zake. Shida ni kwamba mchanjaji huja tukiwa wengi wa kutosha kumaliza dozi alizozifungua, na anayekaa mbali na wenzake husubiri. Watafiti wakitengeneza isiyohitaji baridi ile, hapo watakuwa wametusaidia kweli. Kuhusu samadi, nimekuelewa, na wanunuzi wapo. Tatizo ni barabara.

MamaKibosho

Nawashukuru wote, na ndugu Loshoro ahsante kwa kutukumbusha ya upande wenu, maana nyasi tunazozinunua kiangazi zinatoka kwenye nchi ambayo nanyi mnaitegemea.

Nina mambo mawili ya mwisho. Kwanza, katika kikundi chetu karibu kila mwanachama anafuga mtamba ambaye haijulikani atashika mimba lini, na wapo wenye ng'ombe wazee ambao hawajazaa kwa muda mrefu. Wakiambiwa wauze wanasema ng'ombe huyo anatoa angalau samadi ya migomba. Pili, mgeni ameahidi kurudi na fomu. Tuanze kuandika nini sasa, ili akija asitujazie takwimu za kukisia?

DaktariMifugo_Moro

Mama, ng'ombe asiyezaa anayekula nyasi za kununuliwa anatoa samadi ghali kuliko mbolea yoyote ya dukani. Wafanye hesabu hiyo wenyewe kwa bei ya mzigo wa nyasi wa mwezi wa Septemba, nadhani hoja ya gesi hamtaihitaji. Kabla ya kuuza, hata hivyo, mwiteni mtaalamu ampime kizazi. Ng'ombe wengi wanaoitwa tasa wana upungufu wa madini au wamekondeana mno kiasi cha kutoonyesha joto, na wengine wanaonyesha usiku, mwenyewe akiwa amelala. Mtamba chotara aliyelishwa vizuri tangu utotoni anaweza kuzaa akiwa na miezi 27 hadi 30. Akifika miaka mitatu bila mimba, kosa lilikwisha kufanyika alipoachishwa maziwa.

Kuhusu fomu, hesabu nzuri za methani zinajengwa juu ya uzito wa mnyama, maziwa yake, na ubora wa chakula. Kwa hiyo andikeni tarehe ya kuzaa, tarehe ya kupandwa au kuhimilishwa, maziwa ya asubuhi na ya jioni pamoja na yale anayoachiwa ndama, ndama waliokufa na sababu yake, na mizigo ya nyasi iliyonunuliwa kila mwezi. Uzito mtaukadiria kwa utepe wa kupima kifua. Mmoja unatosha kikundi kizima, na apimwe ng'ombe yuleyule kila baada ya miezi mitatu, asubuhi kabla hajala. Daftari libaki kwenu, mgeni anakili. Akiwa na kikokotoo chake, mwombeni awaonyeshe ametumia kiwango gani cha ubora wa majani, na kama ni cha hapa au cha kuazima.

Mkulima_Muranga

Kwa kuwa mvua za vuli haziko mbali, nitaje hili la kaliandra lisije likapita. Mbegu zake zina ganda gumu. Zilowekwe kwenye maji baridi kwa saa 48 ndipo zipandwe kitaluni. Msipande migomba na kaliandra shina kwa shina, ipeni kingo za matuta. Mwaka wa kwanza msiwe na pupa ya kukata, subirini miezi 9 hadi 12 baada ya kuhamishia shambani, kisha mkate kwenye kimo cha kati ya nusu mita na mita moja, na majani yalishwe siku hiyohiyo yakiwa mabichi, kwa sababu yakikauka tumbo la ng'ombe huyameng'enya kwa shida zaidi.